Tulingoja Kusikia "Kata"

Yule mwigizaji kijana wa Shauri Moyo, ambaye nimewahi kumtaja katika safu hii, ametutoka. Alianguka Jumamosi mchana karibu na vibanda vya mafundi wa mabati kule Kariobangi, pumu imembana, na alipofikishwa hospitalini alikuwa ameshakata roho. Tangu nipate habari hizo sijalia. Nakaa tu, chai inapoa mbele yangu, nikiulizwa jambo najibu. 

Kwa wasiomjua, filamu zake zilipigwa kwa simu, kwenye ngazi na nyua za nyumba kuukuu za halmashauri, na tulizitazama kwenye simu zetu. Katika mojawapo aliigiza kijana anayerudi nyumbani kumwambia babake kwamba amefutwa kazi, akaishia kumfulia mzee soksi bila kusema neno. Niliitazama nimesimama jikoni, ugali ukaungua. Lakini watu wa mtaani walimpenda hasa kwa namna alivyokufa. Karibu kila filamu ilimuua, naye alianguka kiasi cha kukufanya ushike mdomo.

Nilikuwepo alipoanza. Mama mmoja muuza githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aliyemjua tangu akibebwa mgongoni, alimwona kalala chini, akatupa mwiko na kummwagia maji ya kunawia mikono. Wenzake waliokuwa wakimpiga filamu wakarudia, mama akammwagia tena. Kijana aliinuka amelowa chapachapa, anacheka. "Mathee, zii, usinimwagie! Nikianguka niwache tu. Ngoja uskie mtu akisema kata." Mama akasonya. "Na siku utaanguka ukweli?" "Hiyo siku utajua tu, mathee." Sote tukacheka.

Baada ya hapo mtaa ulishika adabu. Akianguka, wa bodaboda walizima injini na wachuuzi wakanyamaza hadi mpiga picha atamke neno lile la kusimamisha kamera. Wenye filamu zenye pesa huzungusha utepe na kuweka walinzi. Sisi hatukuwa na hayo, kwa hiyo barabara ikawa studio, na jirani akajifunza kusimama kando ili kijana wa watu afanye kazi. Nililionea fahari jambo hilo, na bado sioni ubaya wake.

Jumamosi aliyokufa, yule mama wa githeri alikuwa Kariobangi kununua sufuria. Alimwona kijana akishika kifua, akipiga magoti, akilala ubavu. Mafundi waliomjua kwa sura waliweka nyundo chini. Simu zikatolewa mifukoni. Mpita njia mmoja alitaka kumwinua, akazuiwa.

"Ni mimi nilimzuia," mama aliniambia jana, sufuria mpya iko miguuni, haijawahi kuguswa na moto. "Nilimwambia asiharibu kazi ya mtoto. Nilikuwa nangoja waseme kata. Nikangoja. Hakuna mtu alisema."

 Nilikaa naye mpaka wateja wakaacha kuuliza kama kuna chakula.

Simlaumu. Alimheshimu kijana vile alivyoombwa amheshimu, na nadhani hata mimi ningesimama pale pale. Lakini nimekuwa nikiyafikiria yale maji ya kunawia mikono, na naona siku ile ya kwanza ndipo alipofanya sawa. Mtu akianguka mbele yako, mguse. Mwite jina, mmwagie maji, mharibie kazi yake. Filamu hupigwa upya.