Fundi wa miguu bandia aliyegoma kupiga ngoma

Saa moja na robo asubuhi, Honi yuko karakana, koti la kazi limejaa vumbi jeupe la plastiki. Anapiga msasa ndani ya mguu bandia, pale panapoingia paja, kisha anapapasa kwa kidole.

"Kikibaki kikwaruzo kama punje ya mchele, mtu hatembei," anasema bila kuinua macho.

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa katika karakana hii ya hospitali. Mafundi ni wawili, miguu wanayotoa kwa mwezi ni kumi na minne, na wanaosubiri zamu ni sitini na watatu.

Jumamosi huwa mtu mwingine kabisa. Ndiye mpiga ngoma wa mashabiki wa timu ya mji, na jina la Honi alilipata huko, kwa ukali wa koo lake. Kwa miaka kumi na mmoja, kila kipa wa wageni alipoteleza, Honi aligonga ngoma mara mbili na jukwaa zima likalipuka: "Kipa kiwete! Kipa kiwete!"

"Naapa sikuwahi kulifikiria neno hilo," anasema. "Huku nawaundia watu miguu, kule nawatukana. Kwa mdomo huuhuu!"

Aliyemfumbua macho ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyekatwa mguu baada ya ajali. Alipopata mguu mpya, safari yake ya kwanza ilikuwa kumpeleka binti yake uwanjani. Wiki iliyofuata alirudi karakana kurekebishiwa mkanda.

"Fundi, ile sauti ya juzi uwanjani ni yako?"

"Ni yangu, mwalimu," Honi alijibu akichekelea, akidhani anasifiwa.

"Mguu umenikaa vizuri, nashukuru. Lakini mwanangu aliniuliza, 'Mama, mbona wanakuimba wewe?' Tukaondoka kabla ya mapumziko."

Honi alimaliza kuurekebisha mkanda. Jioni hiyohiyo alilipeleka suala kwenye tawi la mashabiki, na hapo ndipo alipokiona cha moto.

Vikao vitatu! Katika cha kwanza, mwenyekiti wa tawi, fundi bomba mwenye maneno mengi, alimkata kauli: "Bwana wee, tumeimba miaka yote, nani kafa?" Katika cha pili, mmoja akapendekeza waimbe "Kipa mlemavu," kwa heshima.

"Nilishika kichwa," anasema Honi. "Nikamwambia, ndugu yangu, umebadilisha chupa, sumu ni ileile."

Katika cha tatu likaja "mwenye mahitaji maalumu."

"Hebu lipigie ngoma hilo! Kabla hujafika 'maalumu' mpira ushaanza upya." Anabamiza msasa mezani. "Mwishowe wakaunda kamati ndogo. Kamati! Ya neno moja!"

Hakuisubiri kamati. Wiki tatu zilizopita, kipa wa wageni alipoanguka, watu walimgeukia Honi. Yeye akabana fimbo za ngoma kwapani na kukaa kimya. Wimbo ukatoka vipandevipande, huku na kule, ukafa. Akaitwa msaliti, akamwagiwa maji mgongoni. Alipofika nyumbani, mkewe alimpa taulo na kumwambia, "Vua shati. Na Jumamosi ijayo usiipige."

Hakuipiga. Jumamosi iliyopita mwenyekiti mwenyewe alishuka ngazi za jukwaa kumfuata.

"Piga basi, Honi. Uwanja umekuwa kama msibani."

"Acheni neno hilo, nitapiga mpaka mikono iote malengelenge."

Mwenyekiti alinuna dakika kama kumi. Kisha akaanza kuwanyamazisha waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, kwa hasira, na ngoma ikarudi. Walio safu za juu bado wanaimba wanavyotaka, na Honi akiwataja hupumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima. Anapanga kuhamishia ngoma huko juu mechi ijayo.

Mwalimu amemwambia wazi kwamba hatarudi mpaka wanyamaze wote.

"Na ana haki," anasema Honi. "Sihitaji anisamehe. Nataka aje, akae, tufungwe mabao mawili ya kijinga, na akasirike kwa sababu hiyo tu."

Anawasha mashine, anaugeuza mguu upande wa pili.