Mshonaji Aliyeogopa Kuulizwa Kwao

Jirani yake alinipigia simu asubuhi kutoka Makambako. "Yule mama Mkongo ametutoka." Nilikuwa sokoni Njombe nikichagua viazi, nikaviacha. Wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa mshonaji wa nguo karibu na stendi ya Makambako. Alikimbia vita kwao, akakaa kambini Kigoma, na mumewe alipofariki akaondoka bila kibali, akaja huku kwetu kwenye baridi, asikokuwa na ndugu. Mbele ya wageni alinyamaza, maana Kiswahili chake kilimtambulisha kabla hajataja jina.

Siku moja nilimkuta nje ya kituo cha afya, manyunyu yakimlowesha. Alikuwa amemleta kwa bajaji jirani yake huyohuyo, aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, akamkabidhi kwa wauguzi langoni. "Mbona huingii, mama?" nikamuuliza. Akajibu kwa sauti ya chini, "Humo banaulizaka watu." Hakuondoka mpaka alipoambiwa mtoto amezaliwa salama.

Mwaka jana aliota uvimbe kifuani. Aliufunika kwa kitenge hadi mkono ukashindwa kazi ya cherehani. Mimi na jirani tulimbembeleza, tukampeleka hospitali Njombe. Daktari alikuwa mpole. "Panauma wapi, mama?" Akaonyesha kwa kidole. "Tangu lini?" Akataja mwezi. "Umetoka wapi?" Uso ukambadilika. Akajifunga kitenge, akatoka, na tulipofika stendi gari alilopanda lilikuwa limeshaondoka. Nikamrudia daktari. "Nilitaka kujua kama kwake ni mbali," alisema kwa mshangao, "ili nimlaze hapa."

Tulimweleza hivyo mara nyingi. Mara ya mwisho alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Kwetu nako baliuliza na upole kwanza," alisema. "Kisha bakaua bandugu yangu." Maneno hayo hunijia hata nikiwa katikati ya watu.

Tunasema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini huyu alificha maradhi ili kuficha kwao. Tulimzika kwa nyimbo za Kibena asizozijua, na hakuna aliyejua habari zipelekwe kwa nani. Huenda kwao Kongo, ng'ambo ya ziwa, yupo anayemwombea uzima hadi leo. Anayeishi kwa kujificha asingojwe hadi alazwe kitandani ndipo ahakikishiwe usalama. Aambiwe mapema, akiwa bado mzima, na mtu anayemwamini, kwamba atatibiwa kwanza na mengine yatafuata. Kisha sisi wenyeji tuhakikishe kwamba hatukumdanganya.