Kosa la Kuishi Mbali na Maji

Mwaka wa tatu wa masomo ya uchumi nilikuwa na grafu moja niliyoipenda kupita kiasi. Ilithibitisha kwamba wazee wetu wa Newala, enzi za Mjerumani, walikosea pa kuishi: walijenga juu ya uwanda mkavu ilhali maji yako bondeni. Nilikokotoa saa za kuteremka na kupanda na mtungi kichwani, nikahitimisha kwamba hawakuijua hesabu. Mhadhiri wangu aliandika pembeni: "Umemuuliza nani?" Akanipa wiki tatu. Bila jibu, utafiti haupiti, na shahada hakuna.

Baba, mwalimu wa shule ya misheni Lulindi, hakuona msiba. "Njoo ufundishe. Au nenda benki. Kwani mchumi hasa anafanya kazi gani?" Nilijua tu kwamba nataka kuwa mtafiti, si kugonga mihuri nyuma ya dirisha. Nikaenda Mkunya kwa bibi, shangazi yake baba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Huko chuoni mnakula karatasi?"

Alikuwa akimenya mihogo. Nilipomweleza kosa la wazee, alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Mama yangu alikuwa akiondoka alfajiri kufuata maji, akirudi jua la utosi. Unadhani hakujua yaliko?"

"Sasa mbona hawakuhamia huko?"

"Askari wa Mjerumani naye si ana koo? Huku juu angekunywa nini? Alikamata aliowaona, akashuka kabla kiu haijamshika. Wakati wa vita vya Maji Maji, wa bondeni walichomewa maghala. Mama alikuwa huku juu, kichakani na mtungi wake." Akanisukumia kisu. "Menya, msomi. Hiyo nayo ina grafu?"

Nilikuwa nimepima uchovu wa mwenye mtungi, nikasahau kiu ya aliyekuwa akimwinda.

Nilikaa Mkunya siku kumi na mbili, nikipita nyumba kwa nyumba na daftari, nikichekwa kila mlango. Sura nzima niliichana, nikaiandika upya. Ilipita, kwa alama za kawaida tu.

Mwezi uleule ikaja barua ya benki, ambako baba alikuwa ameniombea nafasi. Benki niliijibu siku ileile kwamba siendi. Barua ya kumweleza baba ilinichukua siku nne.