Mkaratusi wa Bwana Masatu

Harufu ya mkaratusi uliolowa mvua bado hunikaza mwili. Watu wengine huipenda; huchemsha majani yake na kujifukiza wakishikwa na mafua. Mimi hunirudisha mtaa wa Pasiansi, kando ya ziwa, kwenye nyumba yetu ya vyumba vitatu iliyobanwa na mawe makubwa, mwaka ule baba alipopunguzwa kazi kiwandani na mama akaanza kushona sare za shule ili tule. Nilikuwa na miaka kumi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wa minyaa, na ng'ambo ya ua huo ulisimama mkaratusi mrefu kuliko nguzo za umeme. Kwa miaka mingi haukumsumbua mtu. Kisha kiwanja kile kikanunuliwa na Bwana Masatu, aliyetajirika kwa kununua sangara visiwani na kuwauzia wenye viwanda vya minofu. Ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Aliyekuwa jana akiomba lifti, leo ana pikapu mbili. Bwana Masatu alitaka ghorofa. Vibarua wake waliwasha moto juu ya mawe, wakayamwagia maji ili yapasuke, wakachimba msingi mpaka kwenye shina la mkaratusi na kukata mizizi yote ya upande wake. Masika yalipokwisha, mti ukaanza kuinama kuja kwetu, polepole, kama mlevi anayetafuta ukuta.

Mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Koku kwa jina langu, hakuwa mtu wa makelele. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda. Nilimwamkia Bwana Masatu shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Mama akamwambia, "Jirani, mti wako unatuinamia. Mwanangu mdogo analala chini yake." Bwana Masatu akatazama juu, halafu akatazama viatu vya mama. "Mama Koku, mti huo niliukuta. Kama unauogopa, hama." Akacheka, na vibarua wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Majirani walimshauri mama aachane naye. Mnyonge hana haki, walisema, na wengine walisema hivyo huku wakirudi kutoka kwa Bwana Masatu na kitoweo. Baba naye, ambaye tangu apoteze kazi alikuwa amepungua hata sauti, alisema tungoje. Mama alimjibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, akakanyaga pedeli kwa nguvu hadi uzi ukakatika.

Tawi lilianguka Jumamosi mchana, upepo wa ziwa ulipovuma kabla ya mvua. Mama alikuwa ametoka tu kumwinua mdogo wangu Ruge kitandani ili amwogeshe. Tulisikia bati likichanika. Tulipokimbilia chumbani, tawi nene kama paja la mtu mzima lilikuwa limesimama katikati ya godoro, juu ya alama ya jasho aliyoiacha mtoto. Ruge, mwenye povu la sabuni kichwani, alipiga makofi akidhani ni mchezo. Mama hakulia. Alinifunga mtoto mgongoni, akatoka nami kwenye mvua hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alianza kusema hataki ugomvi na Masatu. "Sikuombi ugombane," mama alimkatiza. "Niambie tu, matawi yaliyo juu ya bati langu ni haki ya nani kuyakata?" Mzee yule alikuna kidevu. "Yaliyoingia kwako unaweza kuyakata mpaka kwenye mpaka. Lakini shina usiliguse, na kuni ni zake." Mama akamshukuru kama mtu aliyekabidhiwa hati ya nyumba.

Hakuna mpasua mbao aliyekubali kuja. Wote walimwogopa Bwana Masatu. Basi Jumatatu asubuhi mama alivaa suruali ya baba, akajifunga kanga juu yake, akaegemeza ngazi na kupanda na msumeno. Mtaa ukajaa. Wapo waliosema mwanamke wa Kihaya amerukwa na akili. Baba alitoka ndani, akatazama juu, na mimi nikajua atamwamuru ashuke. Alikwenda akaishika ngazi kwa mikono miwili, akakaza miguu. Niliburuta matawi, wanawake wawili wa jirani wakajitokeza kunisaidia, na kama mama alivyoagiza, tuliyapanga yote mbele ya geti la mwenyewe, pamoja na majani. Bwana Masatu aliporudi, pikapu yake haikuweza kupita.

"Nani amekuruhusu kukata mti wangu?"

"Nimekata kilichokuja kwangu," mama alijibu akiwa juu ya paa. "Shina lako sijaligusa, na kuni zako hizo hapo, hazijapungua. Lakini leo nakwambia mbele ya watu hawa wote: hilo shina linaanguka. Likituua, usije ukasema ni kazi ya Mungu. Uliambiwa."

Bwana Masatu aliwatazama watu, akitafuta atakayecheka naye. Hakumpata. Siku ya tano alileta watu wenye kamba wakauangusha mkaratusi upande wake, na shina lilipofunguka ndani lilikuwa tupu, limejaa mchwa. Hakuomba radhi, wala bati letu hakulitengeneza; baba alilipiga kiraka. Aliacha pia kumsalimia mama. Mama yeye alimsalimia kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na mimi aliniamuru niendelee kumwamkia. "Heshima si woga," aliniambia.

Siku hizi naishi Igoma, ambako kuta zimepanda na jirani humjui mpaka apate msiba. Bado nasikia watu wakisema mama alikuwa mkorofi. Acha waseme, Ruge ana watoto watatu. Mwaka jana binti mmoja, mpangaji wa nyumba ya jirani, aligonga geti langu, akaomba samahani mara mbili kabla hajasema shida yake: mti wangu wa mgrevilea umelalia chumba chake. Nakiri hasira ilinipanda. Ule mti niliupanda kwa mkono wangu, na chini yake ndiko ninakopumzika. Nilimwacha amesimama pale kwa muda usiopendeza. Kisha nikamfungulia geti. "Usiniombe samahani," nilimwambia. "Mti ni wangu, kichwa ni chako. Ingia unionyeshe nianze kukata wapi."