Bastola Iliyokwama Mkononi mwa Verlin

Verlin Tackett aliendesha malori ya makaa ya mawe tangu ujana wake mpaka mgodi wa mwisho wa bonde letu ulipofungwa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akiomba msaada wa kufungua kitu. Nati iliyoshika kutu, kifuniko cha chupa ya kachumbari, mlango wa zizi uliovimba kwa mvua, vyote vilipelekwa kwa Verlin. Kwa hiyo alipotangaza mezani kwetu katika mkahawa wa Wanda, Jumamosi moja ya Machi, kwamba amechoka na rivolva ya marehemu baba yake na sasa anataka bastola ya magazini, ile ya kuchomeka kisanduku cha risasi mpinini, kama watu wengine, hatukushtuka. Tulisema tu kwamba kaamka, ingawa kachelewa.

Sababu hakutuambia. Kidole chake hakikuweza tena kuvuta kifyatuo cha rivolva ile. Mkono wa kulia ulikuwa ukiishiwa nguvu tangu vuli, kwanza kidole gumba, kisha kiganja, kisha kifundo. Daktari wa mjini alimwambia kuna mshipa wa fahamu umebanwa shingoni, na nguvu iliyokwisha kuondoka huenda isirudi. Verlin alimshukuru, akavaa kofia, akarudi nyumbani na kumwambia mkewe, Oleta, kwamba ni baridi yabisi kidogo tu. Mkono wa kushoto haukuwahi kushika kitu cha maana maishani mwake isipokuwa sigara. Alikuwa amesikia kwamba bastola za magazini zina vifyatuo vyepesi, akaona hapo ndipo pa kujifichia. Alichokuwa akikitafuta ni bastola itakayomwacha abaki Verlin yule yule mbele yetu.

Basi akauliza maoni. Kuuliza maoni juu ya bastola kwenye mkahawa wa Wanda ni kujitafutia balaa.

"Chuma, shemeji," alisema Burl Ratliff, kaka yake Oleta, mdomo umejaa mkate wa biskuti na mchuzi mweupe wa soseji. "Bastola ni chuma. Plastiki ni ya kuwekea viporo."

"Msikieni huyo!" akadakia Denzil Caudill, fundi umeme. "Chuma chako kiache garini wiki moja na unyevu huu wa kwetu, kinaota kutu hicho. Yangu ya plastiki ilianguka mtoni, nikaiopoa, nikaikung'uta, ikalia."

"Ililia kwa risasi au kwa aibu?"

"Njoo shambani nikuonyeshe, domo kubwa wee!"

Alipokimbilia kwenye video za simu mambo yakazidi. Jamaa mmoja mwenye ndevu aliapa kwamba bastola fulani haijapata kumwangusha. Jamaa mwingine, mwenye ndevu ndefu zaidi, aliishika bastola ile ile kwa vidole viwili kama panya aliyekufa na kusema hata adui yake hampi. Mmoja wao alitaja kwamba bastola hizi zinahitaji mtu azishike kwa nguvu, kwa sababu mgongo wa bastola, kile chuma cha juu kinachoteleza, unaporudi nyuma kutupa ganda la risasi lazima ukute mkono uliosimama imara, la sivyo inakwama. Verlin alimzima kabla hajamaliza.

Mwishowe akaenda kwa Hobert Mullins, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Hobert alikuwa na duka dogo la bunduki pale palipokuwa kwa kinyozi zamani, na viti vya kinyozi bado vipo. Walisoma darasa moja, wakabatizwa siku moja kwenye kijito kimoja, na Hobert si mtu wa maneno mengi. Alimsikiliza, akainama, akatoa bastola nyepesi ya plastiki. Akachomoa magazini, akavuta mgongo wa bastola nyuma, akamwonyesha kwamba ndani hamna kitu, akaufunga, akampa.

Kwetu anayepokea naye hufanya hivyo hivyo. Hata kama umeona kwa macho yako kwamba ni tupu, unaifungua tena na kuikagua mwenyewe. Hakuna anayeona ametukanwa. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kusoma, na asiyefanya hapewi bunduki tena.

Verlin aliishika, akaweka mkono wa kushoto juu ya mgongo wake, akavuta. Haukusogea. Mkono wa kulia ndio uliosogea, ukapinda kama kamba. Akapiga kikohozi cha uongo.

"Aa, ya nini bwana," akasema. "Nakuamini."

Hobert alitazama dirishani kidogo, kama anayesubiri gari.

"Haya," akasema. "Hii itakufaa. Ukiona shida yoyote, irudishe. Yoyote, umesikia?"

Jumamosi iliyofuata tulikwenda shambani kwa Burl kupiga makopo kwenye ukingo wa udongo, kama kawaida yetu baada ya chai. Verlin alikuwa amekwisha kuikoki pembeni, akitugeuzia kisogo, kwa kuikandamiza kwenye bodi la gari lake. Akasimama, akalenga. Risasi ya kwanza ikatoka, kopo likaruka. Ya pili haikutoka. Ganda tupu lilikuwa limesimama limebanwa juu ya bastola. Akampa Burl alitoe. Akapiga tena moja, ikakwama tena. Burl akalitoa tena, safari hii akicheka mpaka anafuta machozi.

"Plastiki, shemeji! Si nilikwambia? Tia maharage humo!"

Watu wote wakacheka. Verlin alihisi macho yetu yakishuka kutoka kwenye bastola kuja kwenye mkono wake, ingawa hakuna aliyekuwa akiutazama. Ilikuwa ama bastola, ama yeye. Maneno yakatoka kabla hajayapima.

"Hobert kaniuzia takataka."

Akaona jinsi ilivyokuwa rahisi. Kicheko kilihama palepale, kikaenda kukaa kwa mtu ambaye hakuwapo.

Aliporudisha bastola, Hobert hakubishana. Alisema labda springi ni mbovu, akampa nyingine, hii nzito zaidi. Nayo ikakwama. Sasa Verlin alikuwa na kisa, na kisa chake kilinoga kila alipokisimulia. "Mbili!" alikuwa akisema kwa Wanda, akiinua vidole vya mkono wa kushoto. "Mbili mfululizo! Sijui anazitoa wapi." Siku moja alisema hivyo Hobert akiwa mlangoni anavua kofia. Hobert alisimama, akasema, "Kuna mzigo ulikuja mbaya, ni kweli," akachukua kahawa yake akanywea nje.

Sisi nasi, kwa midomo yetu mipana, tulitia chumvi. Ikawa Hobert anauza bastola zilizotumika kwa bei ya mpya. Ikawa amezeeka, haoni vizuri. Watu wakaanza kuvuka mto kwenda duka kubwa la mjini. Kisha Hobert akaacha kuja mezani. Tulisema ana dhamira inayomsuta.

Ni Oleta aliyeyamaliza, bila kukusudia. Alikuwa akianika mashuka uani, Verlin yuko nyuma ya banda anajaribu bastola ya pili peke yake, na kila mara Oleta anasikia mlio mmoja, kisha kimya, kisha matusi. Akaja huku anakausha mikono kwenye aproni.

"Hebu nipe niione hiyo takataka."

"Hujawahi kupiga bastola ya magazini, wewe."

"Na wewe je? Lete hapa."

Akapokea. Akachomoa magazini, akavuta mgongo nyuma, akachungulia, kama alivyofundishwa na baba yake. Aliuvuta bila kufikiri, kama mtu anayefungua droo ya vijiko. Kisha akaijaza, akashika kwa mikono miwili, akapiga. Akapiga tena. Akapiga magazini nzima, maganda yakiruka moja baada ya jingine kwenye nyasi, mpaka bastola ikabaki wazi, imemaliza kazi yake.

Oleta hakuitazama tena. Alitazama mkono wa mumewe.

"Tangu lini, Verlin?"

Alitaka kusema baridi yabisi. Mdomo ukakataa. Alisimama pale nyuma ya banda lake mwenyewe, mtu mzima na mvi zake, akatamani ardhi impasukie.

"Tangu vuli," akasema.

"Na Hobert umemfanya mwizi."

Verlin akaichukua bastola, akavaa kofia.

Alikwenda dukani mchana huohuo. Hobert alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, hakuna mteja. Verlin akaweka bastola juu ya meza, akaanza kwa mbali, akazungukazunguka, hatimaye akasema lililomleta. Hobert alimwacha amalize.

"Ile ya kwanza niliipiga mwenyewe siku ulipoirudisha," akasema. "Pakiti nzima. Haikukwama hata mara moja. Hii ya pili nikakuchagulia nzito, nikadhani uzito utakusaidia."

"Ulikuwa unajua?"

"Uliniambia unaniamini." Hobert akacheka kidogo, bila furaha. "Verlin, tangu nifungue duka hili hakuna mtu wa bonde hili aliyepokea bunduki kwangu bila kuikagua. Mchungaji mwenyewe haniamini. Siku ile ulipoipokea bila kuifungua nikajua."

"Sasa mbona hukusema? Watu wanakupaka matope kila siku, unanyamaza tu!"

"Niseme nini? Mbele ya Burl?"

Verlin alijikaza, lakini machozi yalimshinda. Aliyaficha kwa kuangalia bunduki zilizopangwa ukutani, nyingi kuliko zilivyokuwa wakati kama huu mwaka jana.

Jumamosi alifika kwa Wanda kabla yetu. Tulipokwisha kukaa, Burl akaanza nyimbo zake. Hobert hivi, Hobert vile, heri afunge akavue samaki. Verlin akaweka mkono wa kulia mezani, baina ya sahani zetu, kiganja juu.

"Nishike, shemeji."

"Nini?"

"Nishike mkono. Nitakubana kwa nguvu zangu zote."

Burl akashika huku akicheka, akitazama pande zote tuone mchezo. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Alibaki ameushika ule mkono kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyejua amweke wapi.

"Bastola zote mbili ni nzima," Verlin akasema. "Oleta kapiga magazini nzima. Mbovu ni mimi. Na Hobert alijua, akaninyamazia, na mimi niliwaacha mumseme."

Verlin alisubiri kucheka kwetu. Kwa ajili ya kicheko hicho alikuwa amemuuza rafiki yake, na alikuwa amekuja tayari kukipokea. Hakuna aliyecheka. Denzil aliinamia sahani yake. Mimi nilikuwa natafuta chumvi iliyokuwa mbele yangu. Hata utani mdogo haukuja, na hapo ndipo Verlin alipojua kwamba hata kule shambani, siku ile ya kwanza, usingekuja. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

Burl aliuachia mkono wake taratibu, akachukua birika la kahawa, akaanza kutumiminia wote, mmoja mmoja, vikombe vikijaa pomoni kama tulivyozoea. Alipofika kwa Verlin akamimina nusu tu, isije ikamwagika akiinua. Verlin alikitazama kile kikombe, kisha kiti cha Hobert kilichokuwa kitupu kando yake, na hakujua aanze na kipi, kunywa au kwenda kumwita.