Simu ndogo niliyomtafutia dada yangu ili bwanake asimuone

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Hii stori nimekaa nayo muda. Nimebadilisha majina na vitu viwili vitatu, na mkisoma mtajua kwa nini. Yaliyobaki ni vile yalitokea, sijaongeza chumvi.

Kazi yangu ni kufunga solar, lakini wanaonijua hapa wanajua ugonjwa wangu ni simu. Nikipata simu ya zamani naitoa system iliyokuja nayo, naweka custom OS, ile ya watu wasiotaka kufuatwafuatwa na makampuni. Kwangu ulikuwa mchezo tu.

Kisha dada yangu mdogo, tumuite Akinyi, akaja kwangu Manyatta na begi moja. Alikuwa amemtoroka bwanake huko Sondu. Ngumi zilikuwa zimezidi. Sikumuuliza mengi, shavu lenyewe lilikuwa linaongea.

Alikuja na simu kubwa mpya, yenye kamera nyingi. Zawadi ya bwanake.

Jumamosi nikampeleka Dunga tukule samaki, apate upepo wa ziwa kidogo. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote. Sahani hata haijatulia mezani, simu yake ikaita. Ni jamaa, yule bwanake. Akinyi akaweka loudspeaker.

"Kuleni pole pole," akasema. "Mifupa ya ngege ni mbaya."

Akakata.

Wakuu, niliangalia kila meza. Nikaangalia barabarani, nikaangalia hadi kwenye maboti. Jamaa hayuko. Nywele zilinisimama, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

(Baadaye nilielewa. Aliona tuko Dunga, na Dunga watu wanaenda kula nini kingine kama si ngege, samaki wetu wa ziwa? Lakini wakati ule niliona kama anakaa kwa mabega yetu.)

Tukirudi nyumbani nikaikagua ile simu. Ilikuwa imefunguliwa na email ya bwanake tangu siku ya kwanza, na ndani kulikuwa na app imejificha, inajifanya ni ya kutunza betri. Message, location, picha, yote yalikuwa yanatua Sondu.

"Yawa! Itupe kwa ziwa," Akinyi akasema.

Nikamwambia hapana. Ikizima ghafla jamaa atajua tumeshtuka, na hapa kwangu anapajua. Iache iwake hivyo hivyo. Sisi tutafute nyingine, na tusiiongelee karibu na hii.

Sasa hapa wale wa simu mnisikilize, kwa sababu ndipo wengi hukosea.

Watu hununua simu kwanza, halafu ndio wanauliza itaingia OS gani. Mimi nilianza upande wa pili. Nilifungua list ya simu ambazo OS yenyewe inakubali, nikatafuta zile ambazo bado zinapata update. Kutoka hapo nikachagua zile ndogo. Akinyi alitaka kitu cha kuingia ndani ya soksi, na hakuwa anatania. Kisha nikachuja zile ambazo mfuko wangu unaweza. Zilibaki chache sana.

Model sitaitaja. Nawajua, mtaenda kuzimaliza town.

Duka la kwanza walikuwa nayo, safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Nikaingia settings, nikaenda mahali pa kuruhusu bootloader, ile kufuli inayozuia kubadilisha OS, ifunguliwe. Ile switch ilikuwa ya kijivu, haibonyezeki. Hiyo ilikuwa ya mtandao fulani wa ng'ambo na walishaifunga. Hata ungeipenda namna gani, ni ya kupigia simu tu. Nikairudisha.

Duka la pili walikuwa na moja imepasuka kona ya kioo. Switch ikakubali. Nikajaribu mic, speaker, line, tundu la charger. Mwenye duka, mama mmoja mcheshi, akachoka na mimi.

"Bwana, unanunua simu ama unaoa?"

Nikamwambia hii ni zaidi ya kuoa. Akacheka. Hakujua.

Jumapili baada ya kanisa tukakaa kwa jirani, mbali na ile simu kubwa, na laptop na cable. Nikafungua bootloader, nikaweka OS, nikaifunga tena. Hiyo ya kuifunga tena msiruke, la sivyo mtu akiishika anaweza kuichezea. Nimefanya hii kazi mara nyingi, lakini siku hiyo jasho lilikuwa linanitoka.

Ikawaka. Akinyi akaishika kwa mikono miwili. Akapita page ya lugha, akapita ya wifi, akaweka password yake. Basi, ikamfungulia. Akaigeuza, akaniangalia.

"Owadwa, kaka yangu, mbona haijaniuliza mimi ni nani?"

"Haina haja ya kujua."

Machozi yakaanza kumshuka Akinyi, na alikuwa anatabasamu. Mimi miaka yote nilikuwa naiona hiyo screen tupu kama kitu cha kawaida. Siku hiyo niliiona kwa macho yake.

Asubuhi akaondoka. Line mpya, email mpya, simu ndani ya soksi kama alivyotaka. Nilipomuuliza anaenda wapi akakataa kuniambia. "Usipojua, hautalazimishwa kusema." Ile kubwa ikabaki kwa meza yangu, kwa charger, inawaka.

Siku hiyo hiyo, jua bado liko juu, jamaa akafika kwa gate.

"Mwite Akinyi."

"Hayuko."

"Shem, usinidanganye. Namuona." Akanigeuzia simu yake. Nukta ya bluu ilikuwa imekaa juu ya paa la nyumba yangu.

Mama landlord akatoka na mikono ina sabuni, majirani wakasimama milangoni. Kwa sababu watu walikuwepo, nikafungua mlango. Nikamwambia aingie aangalie.

Akaangalia nyuma ya pazia. Akainama chini ya kitanda. Kisha akapiga simu, na ile kubwa ikaita pale mezani, mbele yake.

Aliiangalia. Akaniangalia. Akaiangalia tena. Ilikuwa inaita tu na yeye hakati.

"Yuko wapi?" akasema, na sauti ilikuwa imeshuka kabisa.

Wakuu, tangu amuoe, hiyo nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kuuliza hilo swali kama watu wengine wanavyouliza.

"Sijui," nikamwambia. Na ulikuwa ukweli mtupu.

Mama landlord akamwonyesha gate. Alitoka.

Ile simu niliipeleka polisi, kwa dawati la jinsia, na app yake ndani. Afisa aliandika kila kitu, na Akinyi aliponipigia nikamwambia, naye akatoa statement. Sasa iko kortini, kwa hivyo hapo naachia.

Nilichojifunza: mimi nilidhani privacy ni ya watu wenye siri, ama wajuaji kama sisi. Kumbe kuna mtu inamsaidia kulala. Kama kuna dada yako katika hali kama hii, usikimbilie kufuta app. Mpeleke kwanza mahali salama, kisha simu. Na simu yenyewe si lazima iwe ya bei. Angalia list, angalia ile switch, angalia kama update bado zinakuja.

Akinyi hunipigia akitaka. Mimi sikuwahi kumuuliza aliko. Juzi tukiongea nikasikia cherehani na wanawake wanacheka nyuma yake.

"Owadwa, hutaki kujua niko wapi?"

Nikamwambia akitaka atasema.

Akaniambia. Mtaa, jengo, hadi rangi ya mlango.

Nilikuwa juu ya paa la mteja na spana mkononi. Nilikaa chini hapo hapo juu ya mabati, nikashindwa kufanya kazi kwa muda.

Karibuni wakuu. Aliyepitia kitu kama hiki aseme kilichomsaidia, na wa simu niulizeni mnachotaka. Alipo tu ndio msiniulize.