Siku Niliyomkumbatia Baba Mkwe

Jamani, nianze na aibu yenyewe ili mcheke mapema tumalizane: mimi, mkamwana wa watu, niliyelelewa Talatala nikafunzwa kwamba baba mkwe hata kivuli chake hukikanyagi, nilimkumbatia mzee huyo kwa nyuma mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, tena nikiwa kichwa wazi.

Kwetu Wanyakyusa mambo ya mkwe si mchezo (siku hizi wengi wameacha, ila nyumba niliyoolewa hapa Ipinda walikuwa wameyang'ang'ania haswa). Baba mkwe akipita uani mimi naingia jikoni, nikisikia sauti yake nageuza njia, na chakula nikishapika anayekipeleka ni mama mkwe. Sahani zilikuwa zinarudi tupu, nami najisifu moyoni kwamba mzee anaupenda mkono wangu, basi kesho yake naongeza wali, zinarudi tupu, naongeza tena.

Kumbe! Asubuhi moja nafagia nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la sebule nakuta kuku wanagombania wali wangu wa jana, pamoja na ndizi nilizozipika kwa maziwa. Hasira zilinipanda, sikuuliza mtu. Jumapili hiyo mchungaji na wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kula kwetu, nikaamua jambo dogo tu: nikishapakua najificha stoo, palipotenganishwa na sebule kwa pazia, nimwone kwa macho yangu mzee anayemwaga chakula changu.

Basi nikajibana katikati ya magunia ya mpunga, nikachungulia. Niliingiwa na huzuni hapohapo. Tangu niolewe sikuwahi kumtazama vizuri, na huyu niliyemwona shati lilikuwa linampwaya, anatafuna, anatafuna, anashushia na maji, ananyoosha shingo kama kuku anayekunywa, halafu anapumzika kabla ya tonge jingine.

Mzee mmoja wa kanisa akamtania, "Mbona unadonoa? Au mkamwana wako hajui kupika?"

"Anajua sana," baba mkwe akajibu, na ili kunitetea (mimi niliyejificha kumpeleleza!) akachukua pande kubwa la nyama akatia mdomoni.

Likakwama. Akasimama ameshika koo, hakohoi, hasemi, macho yamemtoka. Mchungaji akafumba macho akaanza kuomba, mama mkwe akapiga kelele, "Mpeni maji!" na mimi niliyefundishwa huduma ya kwanza shuleni nikajua mtu aliyekabwa hivyo hapewi maji. Nilitoka stoo na pazia pamoja na fimbo yake, kanga ya kichwani ikabaki kwenye msumari, gunia likaanguka mpunga ukatapakaa sakafuni. Nikamwinamisha mzee nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega, bado, ndipo nikamzungushia mikono kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, nikavuta kwa ndani na juu, nikavuta tena, nyama ikaruka ikatua kwenye bakuli la mchuzi la mchungaji.

Mama mkwe akanigeukia, "Mama Lusajo! Unajua umemshika nani?"

Nikajifunika lile pazia, nikataka kukimbia, nikateleza kwenye mpunga, nikakaa chini puu mbele ya wageni.

"Mwacheni," baba mkwe akasema kwa sauti iliyokauka. Lilikuwa neno lake la kwanza kunihusu nikiwa mbele yake. "Mwanangu, chakula chako ni kitamu. Koo ndilo limekataa. Kaka yangu alianza hivihivi, akafa, mimi nikaogopa kwenda hospitali kuambiwa na mimi ninao ugonjwa huo." Nililia kuliko mama mkwe.

Kesho yake tukampeleka hospitali ya wilaya, nao wakatuandikia kwenda Mbeya, wakamwingiza mpira mwembamba wenye kamera. Daktari alituambia shida ya kumeza ina vyanzo vingi, wengine ni kiharusi, wengine uvimbe au saratani, kwa hiyo hakuna kubahatisha nyumbani. Kwa mzee wetu (Mungu mkubwa) kilikuwa kiungulia cha miaka mingi, asidi imeunguza njia ya chakula mpaka ikapata makovu na kuwa nyembamba. Wakachukua kinyama cha humo kooni kukipima, hakikuwa na saratani, wakaitanua njia, wakampa dawa za asidi. Akaambiwa ale vyakula laini, vipande vidogo, ameketi wima, na asilale akishakula (mzee wetu alikuwa akila tu, huyo kwenye mkeka).

Mama mkwe ndiye aliyeamua kwamba aliyekwisha kukushika tumbo hana sababu ya kukukimbia uani, kwa hiyo sasa uji wa mzee nampelekea mwenyewe. Nami nimeapa sahani tupu haitanidanganya tena: nikimwona mtu anakohoa kila akinywa maji, chakula kinamkwama, nguo zinampwaya, namuuliza usoni, awe mkwe awe nani.

Sokoni bado wananicheka. Lakini mchungaji alipokuja tena kutusalimia, baba mkwe aliweka kijiko chini, akatuangalia wote, akasema, "Siku nikikabwa tena, maombi yasubiri kidogo. Kwanza mwiteni mkamwana."